Mtani Wangu wa Njia ya Mwese

Siku hizi vijana wanakuja hapa Mpanda na baiskeli zenye matairi manene na gia nyingi, wamevaa kofia ngumu, wananiuliza njia ya milima ya Mwese. Wanataka kuipanda kwa starehe. Nawaelekeza vizuri tu, nawaambia wavae mashati meupe na wakijisikia homa wakirudi, wasikae nayo nyumbani. Hapo huwa wanacheka. Sipendi wanavyocheka, lakini mimi ni mtu wa hasira za karibu, kwa hiyo nimejifunza kunyamaza.

Miaka ya tisini sisi tuliipanda njia hiyo kwa ajili ya tumbo. Tulitoka mjini na chumvi, sabuni na nguo za mitumba, tukarudi na maharage. Baiskeli zilikuwa za Kichina, nzito, hazina gia, keria imeungwa kwa nondo ili isivunjike na gunia. Kwenye mteremko tulifunga breki kwa soli za ndala. Kwenye mpando huendeshi, unasukuma, na ndiko ndorobo walikokuwa wanatungojea.

Ndorobo ndiye huyo wengine wanamwita mbung'o. Hufuata kitu chochote kinachotembea, hasa cheusi, na anauma juu ya shati kama vile hujavaa kitu. Ukimpiga kofi anaruka, anarudi. Nasi mikono yote miwili ilikuwa kazini, maana ukiachia usukani gunia linakurudisha bondeni pamoja na changarawe. Kwa hiyo tulisukuma baiskeli moja kwanza, wawili, halafu tukaifuata nyingine. Wa mbele anashika usukani, wa nyuma anasukuma mzigo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anamchapa mwenzake mgongoni kwa tawi la majani kufukuza ndorobo.

Mwenzangu alikuwa Mnyamwezi, amenizidi miaka kidogo, na mimi ni Mfipa. Makabila yetu ni watani tangu enzi za mababu. Tunatukanana tunavyotaka, na anayekasirika ndiye mjinga.

"Nyie Wafipa si mnaruka na ungo?" aliniambia tukiwa katikati ya mlima. "Leo ungo umeuacha wapi mpaka unitoe jasho hivi?"

"Sukuma wewe. Babu yako alikuwa mpagazi, mzigo uko kwenye damu."

Hapo tawi linanishukia kwa nguvu kuliko ndorobo yeyote alivyostahili. Ila utani wake mkubwa ulikuwa kaburi langu. Kila kona alinichagulia mahali. "Nitakuchimbia pale kwenye kivuli, kafupi, maana na wewe ni mfupi." Tulicheka mpaka tukasimama kupumzika. Sikuona ubaya wowote, na wala haukuwepo.

Mwaka mmoja, mvua zikiwa zimekatika, ndorobo aliniuma begani na pale pakavimba, pakawa pagumu kama jipu lisilotaka kuiva. Halafu ikaja homa. Nikanunua klorokwini kama kila mtu, nikajikuna mwili mzima, homa ikaondoka. Ikarudi. Ikaondoka tena. Kwetu homa ni mgeni anayejua njia ya jikoni, hakuna anayeshtuka akimwona.

Kilichonitisha ni usingizi. Usiku macho makavu, na mchana, jua likiwa la utosi, kope zinashuka zenyewe. Siku moja nilisinzia nikiwa na tonge mkononi. Mke wangu akalitoa kwenye vidole vyangu taratibu, akasema, "Mume wangu, hii siyo homa. Umechezewa."

Niliipiga teke sahani. Nina hasira, lakini chakula sikuwahi kukipiga teke maishani. Mke wangu aliokota ugali, na nilipomtazama usoni nikaona anaogopa, tena siyo hasira zangu. Alikuwa ananiogopea mimi.

Mtani alipokuja na baiskeli yake akanikuta nimeegemea ukuta nasinzia. "Mwache mkeo alale usiku," akasema, "ndipo na wewe mchana utakuwa mtu." Tukacheka, tukafunga mizigo, tukaondoka kwenda Mwese.

Juu kabisa, mpando unapokwisha, njia inanyooka katikati ya msitu. Hakuna nyumba, hakuna hata moshi wa mrina asali. Unasikia matairi yako tu yakisaga kokoto. Siku ile hata sauti hiyo ilikuwa inatoka mbali, kama baiskeli ni ya mtu mwingine. Nakumbuka nilikuwa natazama gurudumu la mbele. Kinachofuata ninachokumbuka ni kokoto mdomoni.

Nilikuwa nimelala huku naendesha. Baiskeli ilikuwa imekwama kwenye kisiki, na hatua chache baada ya kisiki lilianza korongo ambalo chini yake yalionekana majani ya miti tu. Mtani alikuwa amesimama ukingoni. Alilitazama korongo, akanitazama mimi. Nilingoja anicheke. Nafasi kama ile mtani haiachi.

"Nitukane basi," nikamwambia.

Akapiga magoti, akanifuta mchanga shavuni. "Inuka, mdogo wangu."

Hakuwahi kuniita hivyo hata siku moja. Homa haikuwa imenitisha, korongo halikuwa limenitisha, ila huruma ile ilinitisha. Mtu aliyezoea kukutukana akianza kukubembeleza, ujue ameona kitu.

Akaificha baiskeli yangu na mizigo yote porini. Akaniketisha kwenye keria yake, akanifunga kwake kiunoni kwa ule mpira wa tyubu tuliokuwa tunafungia magunia, na akageuza kurudi Mpanda. Shavu langu lilikuwa limelala juu ya shati lake. Ndorobo walijaa shingoni kwake, mbele ya macho yangu kabisa. Niliona matumbo yao yakivimba na kuwa mekundu, na mkono wa kuwafukuza sikuuweza.

"Uko?" alikuwa akiuliza kila baada ya kona.

"Nipo."

Kuna kona moja sikumjibu. Nilimsikia vizuri, lakini mdomo ulikataa. Akauliza tena, na tena. Akasimamisha baiskeli kwa miguu yote miwili, na nikahisi mgongo wake unatetemeka. Kwanza nilidhani ni uchovu, kumbe alikuwa anaongea na Mungu.

"Nilikuwa natania," alisema kwa sauti, katikati ya msitu ule usio na mtu. "Mungu wangu, nilikuwa natania tu. Kaburi sikulitaka. Mrudishe, na mdomo huu naufunga mbele yako."

Nilitaka kucheka ili ajue nipo. Haikutoka hata pumzi ya kusikika.

Karibu na kushuka kabisa kulikuwa na geti la ndorobo, ambapo mlinzi huwakamata wadudu kwa neti ndogo kwenye magari na baiskeli wasiingie mjini. Alitupitishia neti yake, akanichungulia usoni. "Mzee, unapeleka maiti kwa baiskeli?" Mtani alisukuma baiskeli moja kwa moja mpaka kwenye gogo la geti. Mlinzi akainua gogo haraka, akarudi nyuma tupite.

Hospitali walinitoa damu, wakaitazama kwenye hadubini, wakasema ni malale. Dawa yenyewe ilichoma mshipa kama pilipili, na si wote niliokuwa nao wodini waliotoka kwa miguu yao. Mtani naye walimpima zaidi ya mara moja, wakamkuta mzima, Mungu ndiye anayejua kwa nini. Mimi nilipona. Nilitoka nimekonda, suruali naishikilia kwa mkono, lakini mchana nilikuwa macho.

Tuliporudi njiani nikaanza mimi kumchokoza. Nilimwita mpagazi. Nilisema Mnyamwezi hawezi kusukuma baiskeli mpaka umpigie ngoma. "Sawa, mdogo wangu," alijibu, tena kwa upole. Nilimweleza nilichoonyeshwa hospitali, kwamba mdudu ndiye aliyeniumiza na siyo maneno.

"Najua," alisema. "Lakini mdomo wangu ulitangulia."

Hilo lilinikasirisha kuliko ugonjwa. Nilikuwa nakula, nasukuma, nagombana na wateja, na bado kwake nilikuwa yule aliyefungwa mgongoni asiyejibu. Nilimkosa mtani wangu huku anatembea pembeni yangu.

Halafu mama yake akafariki, mazishi yakawa Ilembo, hapahapa Mpanda. Nilikwenda nikiwa nimejiapiza kumrudisha mtani wangu. Kwetu mtani ana kazi yake msibani. Anaruhusiwa kuwachekesha wafiwa, hata kuingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kuku, na hakuna anayemkasirikia. Kilio kinapunguzwa hivyo. Kwa hiyo kaburi lilipokuwa tayari nikaruka ndani.

"Majembe chini!" nikapiga kelele. "Bibi wa Kinyamwezi hazikwi mpaka niletewe jogoo!"

Wanawake wakacheka huku machozi yanawatoka. Kicheko kilinipa kichwa. Nikajilaza chali palepale kwenye udongo mbichi, nikafumba macho, nikaanza kukoroma.

Kicheko kiliongezeka, halafu kikakatika chote kwa pamoja. Nilisikia kishindo, udongo ukanimwagikia kifuani. Mtani alikuwa ameruka ndani, yeye mfiwa mwenyewe, amenishika mabega ananitikisa mpaka kichwa kinagonga ukuta wa kaburi.

"Usilale humo!" alikuwa akilia. "Amka, mdogo wangu, usilale humo!"

Walitutoa wote wawili kwa kutuvuta mikono. Ibada ikaendelea, mama akateremshwa. Mtani hakutupa udongo kama watoto wengine wa marehemu, maana mkono wake ulikuwa umeshika wangu na hakukubali kuuachia. Mpaka kaburi linafukiwa, hakulitazama. Alikuwa anatazama kope zangu.