Bega la Orrin

Wanaume wa mji wa Alder Fork walikuwa wakiingia kwenye duka la vifaa vya uwindaji na uvuvi na kuwapita wauzaji wengine wote ili wahudumiwe na Thora Bjelland. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimtazama mteja mabegani, akamuuliza anakwenda kuwinda nini na wapi, kisha akageukia rafu. Wa sungura na kindi alimpa bunduki ya ishirini na mbili, yenye risasi ndogo kuliko zote, akamwambia asihangaike na nyingine, maana risasi kubwa itamwachia manyoya tu. Wa mbweha alipata kaliba ndogo yenye mbio, wa kulungu kaliba ya katikati. Ila kwa elki, yule kulungu wa milimani mwenye mwili kama farasi, Thora alichukua muda, na hapo ndipo wengi walipogombana naye. Kila mwanamume alitaka kubwa. Naye aliwajibu vilevile wote, kwamba risasi ndogo ikipita kwenye mapafu elki ataanguka, na kwamba mtu anayeogopa teke la bunduki yake hufumba macho kabla hajafyatua.

Mumewe, Orrin, hakuhitaji somo hilo. Alikuwa mkata magogo, mwenye bega pana kama mlango, na magnamu yake ya mia tatu, bunduki nzito yenye teke kali, aliifyatua kama mtu anayefunga kabati. Tangu waoane walipanda mlimani pamoja kila vuli. Yeye alipiga, Thora akachuna, wakashusha nyama vipande vipande mgongoni huku wakizozana nani amebeba kidogo.

Kisha mapafu ya Orrin yakaota uvimbe, na uvimbe ukahamia kwenye mifupa. Ulikaa zaidi kwenye bega la kulia. Majira ya joto yalipokwisha, mashati yake yalikuwa yananing'inia kama yametundikwa kambani. Alimwambia mkewe kwamba anataka elki mmoja tu, wa mwisho. Thora hakumkatalia. Walichokwepa wote wawili kukitaja ni bunduki.

Orrin ndiye aliyelianzisha, tena dukani, Jumamosi watu wamejaa. Rafiki yake wa ujanani, Merle Dufresne, alikuwa ameegemea kaunta akinywa kahawa ya bure.

"Nipe boksi mbili za magnamu, Thora," Orrin alisema.

Thora alimtazama begani, kama alivyowatazama wote. Hakupenda kufanya hivyo, ila macho yalikwenda yenyewe.

"Hutaiweza," alisema kwa sauti ya chini.

Akageukia rafu, akashusha bunduki fupi, nyepesi, ya milimita saba, ile ambayo kwa kawaida aliwauzia wasichana wanaoanza kuwinda. Akaiweka mbele ya mumewe.

"Haya bwana, sungura wa mlimani wakae chonjo," Merle alitania, kama alivyomtania miaka yote. Watu wawili watatu walicheka. Orrin hakucheka, na Merle akainamia kikombe chake.

"Hii inaangusha elki," Thora alisema. "Ila awe karibu. Asizidi viwanja viwili vya mpira. Akiwa mbali zaidi utamjeruhi tu, na huna miguu ya kumfuata."

"Unanipa masharti kama mteja."

"Nawapa wote."

Orrin aliichukua. Aliilaza nyuma ya kiti cha pikapu, na njia nzima hadi nyumbani alitazama dirishani.

Walipanda mwezi wa Novemba. Thora aliendesha hadi barabara ilipoishia, kisha wakatembea polepole, Orrin akisimama kila mara na kusingizia kwamba anaangalia mandhari. Waliketi nyuma ya gogo lililoanguka, ukingoni mwa uwanda wa majani uliopakwa theluji. Walikunywa kahawa, wakala mkate na soseji. Orrin alisinzia akiwa amemwegemea. Alikuwa mwepesi mno, na Thora hakuthubutu hata kujikuna.

Orrin ndiye aliyemwona kwanza. Dume lilitoka kwenye misonobari ng'ambo ya uwanda, pembe zimelalia mgongoni, pumzi inamfuka. Orrin alikita bunduki juu ya gogo, akaweka jicho kwenye darubini. Thora aliinua ya kwake. Mnyama alikuwa mbali, zaidi hata ya mara mbili ya mpaka aliomwekea.

"Ngoja," alinong'ona. "Huenda akashuka."

Hakushuka. Alikula, akainua kichwa, akala tena. Orrin alimshikilia kwenye darubini muda wote huo. Thora alitaka kumwambia apige, liwalo na liwe. Hakulitamka, maana miaka yote aliwakataza watu jambo hilohilo. Dume likageuka likaingia msituni bila haraka.

Orrin alitoa risasi kwenye bunduki, akaitia mfukoni.

"Ungeniachia ile ya zamani," alisema.

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Theluji ilifunga barabara wiki ileile. Orrin alifariki baada ya Krismasi, kwenye kitanda walichomwekea sebuleni ili aone nje. Siku zile waliongea mengi: kuni, mbwa, paa linalovuja. Elki hawakumtaja. Mazishini Thora hakutoa chozi, na wapo waliosema ana moyo wa jiwe.

Aliporudi kazini alimwomba mwenye duka amhamishie upande wa uvuvi. Wanaume walilalamika. Yeye akauza nyuzi na ndoana, na mtu akimwita aje amchagulie bunduki, alijibu kwamba ameshasahau. Hakuwa amesahau kitu. Akiosha vyombo, akiendesha gari, alikuwa akipiga hesabu ya dume lile: magnamu, risasi nzito, Orrin ameegemea gogo, risasi moja tu. Bega lingevunjika, basi na livunjike. Alikuwa anakufa nalo hata hivyo.

Vuli iliyofuata Merle alikuja na paja la elki limefungwa kwa kitambaa. Alikaribishwa jikoni, akakaa, akazungusha kofia mikononi.

"Shemeji, wanasema umeacha bunduki kwa sababu ya Orrin."

Thora alimmiminia kahawa.

"Kuna jambo aliniapisha nisikwambie. Siku chache baada ya yale ya dukani, alikuja kwangu na magnamu yake. Akataka nimpeleke kwenye shimo la kokoto akaijaribu." Merle alikohoa. "Alipiga moja. Ikamtupa chali. Risasi sijui ilikwenda wapi, hata ukuta wa shimo haikugusa. Siku ile mkono haukunyanyuka, nikambeba hadi kwenye gari."

Thora aliikumbuka jioni hiyo. Orrin alirudi akisema ameteguka akibeba kuni, naye akamkanda bega kwa maji ya moto huku akimgombeza kwa kujitia nguvu.

"Alisemaje?" aliuliza.

Merle aliweka kofia mezani. "Alisema, 'Mwache Thora adhani bado ningeiweza.'"

Merle alisema kwamba alidhani habari hii itampunguzia mzigo, kwamba ajue hakukosea. Thora aliitikia kwa kichwa. Alimshukuru kwa nyama, akamsindikiza hadi mlangoni, akamwomba amsalimie mkewe.

Kisha akarudi, akafungua bomba la maji ya moto kama anayetaka kuosha vikombe, akashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili, akalia. Alimlilia mwanamume aliyelala chali kwenye kokoto akitafuta pumzi, na aliyekuja nyumbani akakubali kugombezwa habari ya kuni. Maji yaliendelea kumwagika hadi yakapoa.

Hakurudi upande wa bunduki. Mwenye duka alimwomba tena, naye akamjibu kwamba kule kwenye ndoana hana haja ya kumtazama mtu begani, na panamtosha.