Gauni la Mlangoni la Bi Mwakani

Saa mbili asubuhi, ubao mmoja tu wa mlango wa duka umefunguliwa, na Bi Mwakani yuko juu ya stuli, pini mdomoni, anatundika gauni. Analinyoosha pindo, anashuka, anarudi nyuma kulitazama, haridhiki, anapanda tena.

Wanawake wawili waliokuwa wakipita na vikapu vyao wanasimama.

"Ndilo la mwakani hilo?" anauliza mmoja.

Fundi anatoa pini mdomoni. "Ndilo."

"Makubwa haya! Na ule mkunjo wa begani umekwenda wapi? Mimi wangu hata sijaufua mara ya pili!"

"Uvae tu, mama. Haujapigwa marufuku."

Wanacheka, wanaondoka. Bi Mwakani hacheki. Anatazama kule juu mtaani, upande anaotokea mdogo wake, kisha anaingia ndani.

Jina lake la kuzaliwa wengi hapa hawalijui. Ni Bi Mwakani, kwa sababu kila mwaka unapoelekea ukingoni hutundika mlangoni gauni moja tu, na mtaa mzima huja kuangalia: mwaka ujao ni mikono mirefu au mifupi, kiuno juu au chini, rangi za kukolea au za kupoa. Wenye maduka ya vitambaa huagiza majora yao kwa kulitazama. Anashona tangu usichana wake, na utabiri wake umekosea waziwazi mara moja tu, aliposhikilia kwamba mikono ya puto inarudi. Haikurudi. Mwaka ule mzima walimwita Bi Mwaka Juzi, naye akaitika.

Hana siri ya ajabu, anasema akikanyaga cherehani. Dukani hana televisheni. Ana kioo.

"Mwanamke akisimama pale kujitazama, usiangalie gauni. Angalia mkono wake. Mkono unakwenda wenyewe pale pasipompendeza. Huyu anavuta pindo, yule anabana kiuno, mwingine anajifunika shingo. Ukiona wengi mkono unawaenda mahali pamoja, basi, mtindo mpya uko njiani. Mimi nautangulia tu."

Gauni la mlangoni halishonwi hivi hivi. Hukatwa kwa kipimo cha mdogo wake wa mwisho, ambaye kila mtu humwita Kitinda, na Kitinda ndiye hulivaa kwanza. Hutoka dukani, hushuka hadi kwenye maduka ya vitambaa, hugeuka, hurudi, mkono kiunoni, akiwatania wauzaji. Wazazi wao walipofariki, Kitinda alikuwa bado anabebwa mgongoni. Aliyembeba ni huyu dada. Kwa hiyo Bi Mwakani hakuwahi kumpima. Kipimo cha Kitinda alikuwa nacho kichwani, kama mtu anavyoijua sauti ya mlango wake.

Katikati ya mwaka jana Kitinda aligundulika kuwa na saratani, akaondolewa titi la kushoto.

"Tulishukuru kwamba yu hai," anasema dada yake. "Wote tulisema hivyo, tukadhani tumemaliza."

Aliporudi kutoka hospitali alijifungia chumbani. Marafiki walibisha hodi, wakachoka. Mwaka ukaelekea ukingoni, na Bi Mwakani akakata gauni kama kawaida, kwa kile kipimo cha kichwani, akalishona kwa moyo wote na kumpelekea nyumbani. Alidhani nguo nzuri itamtoa nje. Kitinda alilivaa kwa shingo upande, akasimama mbele ya kioo. Upande wa kulia ulimkaa sawa. Upande wa kushoto kitambaa kililegea, kikaning'inia kitupu.

"Mkono wake ukaenda pale," anasema fundi, na cherehani inasimama. "Akaniambia, 'Dada, umemshonea mwingine. Huyu uliyemshonea hayupo.' Jamani! Fundi mzima mimi, nimepima wanawake wa mji mzima, halafu mdogo wangu namkatia kwa mazoea. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze."

Hakulia mbele yake. Alitoa futi yake ya kamba mfukoni, akampima upya kama anavyompima mteja mgeni, bega kwa bega, mbele na nyuma. Alipofika penye kovu alisita. Kitinda akaushika mkono wa dada yake, akauweka hapo mwenyewe.

Gauni lililofuata lilikuwa na mkunjo mpana ulioshuka kutoka bega la kushoto hadi kiunoni. Kitinda alipiga moyo konde akatoka nalo, bila utani, bila mkono kiunoni. Mtaa haukujua lolote; uliona mtindo. Kufumba na kufumbua kila mwanamke anataka mkunjo, na wenye maduka wanamsifu fundi kwa jicho lake. Sifa zile zilimchoma.

"Sikutabiri kitu mwaka ule. Nilikuwa namfunika mdogo wangu kovu. Nilijiona tapeli."

Alijiona hivyo mpaka alipokuja mama mmoja wa makamo, mpole, akaomba mkunjo wake uwe upande wa kulia.

"Mama, huu unavaliwa kushoto," fundi alimweleza.

Mama yule hakubishana. Aliweka tu kiganja kifuani, upande wa kulia, akatazama chini. Kitinda, aliyekuwa amemletea dada yake chakula, aliweka sahani kando, akachukua futi na kuvuta pazia.

"Nipishe, Dada. Huyu nampima mimi."

Tangu hapo Kitinda yuko dukani. Wanawake wa namna ile wamezidi kuja. Wengine huanza kwa kuzungukazunguka, wakiulizia bei ya vifungo, naye huwaachia muda. Nia ya Bi Mwakani ni kumjengea chumba kidogo kule nyuma, chenye mlango badala ya pazia, na kioo chake.

Wiki iliyopita Kitinda alisema gauni la mwakani analitaka la kubana, lisilo na mkunjo, likatwe kwa kipimo chake cha sasa. Upande mmoja umejaa, upande mmoja bapa. Dada yake alikataa.

"Nilimwambia, mdogo wangu, mtaa una macho, na una midomo. Watamtoboa kwa maneno arudi kujifungia, na safari hii nitakuwa nimemtoa mimi. Akanijibu, 'Dada, shona.'"

Ameshona. Lakini kitambaa kilichobaki amekiweka karibu.

Kitinda anaingia. "Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Umeamkaje? Sikiliza, kitambaa kimebaki, bado tunaweza kuongeza..."

"Nishushie gauni langu."

Anaingia nyuma ya pazia, anatoka, anasimama mbele ya kioo. Gauni limemkaa barabara, na pale palipo bapa ni bapa kweli. Mwenye macho ataona. Bi Mwakani hamtazami usoni, wala halitazami gauni. Anatazama mikono.

Mkono wa kulia unapanda taratibu. Unapita kifuani bila kusimama, unafika sikioni, unaweka hereni sawa. Kisha unashuka na kutua kiunoni.

"Naona mwakani ni za kubana," anasema Bi Mwakani.

Anakwenda kufungua ubao wa pili wa mlango, mdogo wake apite.