Namba Tupu kwenye Daftari la Dirishani

Sijui kama nilikosea kwa ujinga au kwa kupenda unadhifu. Elimu yangu ni darasa la saba, na kompyuta niliiona mara ya kwanza mwaka ule walipoanza kupunguza wafanyakazi. Tulikuwa wawili masijala ya viwanja, Dodoma mjini, mimi na dada mmoja aliyenitangulia kazini. Ilishasemwa: kompyuta ikifaulu majaribio, atabaki mmoja.

Mtaalamu wa kompyuta alinipa daftari. "Andika kila mnachoulizwa dirishani, wiki nzima. Nitaipa mashine kazi ileile tuone kama inaiweza."

Nikaandika. Anakuja mzee wa Hombolo, tunamwamkia shikamoo, anaitikia, kisha: "Natafuta cha marehemu kaka yangu, yule aliyechimba kisima."

"Babu, aliyechimba kisima si kaka yako peke yake!" Dada anacheka, lakini anamuuliza ukoo, jina la ubatizo, jirani yake nani, na kadi ya kiwanja inatoka kabatini. Mimi naandika namba ya kiwanja. Namba tu, kwa mwandiko mzuri.

Siku ya majaribio mtaalamu alizisoma namba za daftari na kuziingiza, mashine ikazijibu zote kabla sijameza mate. Niseme ukweli, ilitushinda kwa mbali. Mkuu wa ofisi akapiga makofi. Dada akaninong'oneza, "Mdogo wangu, mbona humo sijamsikia hata mzee mmoja?"

Nilikuwa nimeandika majibu, maswali hayamo! Nikisema, wataona nalinda ajira zetu. Nikinyamaza, ataondoka dada, maana mkuu aliupenda mwandiko wangu. Nilikwenda chooni mara tatu.

Nikamwambia mtaalamu. Hakunifokea. "Afadhali umesema leo," alisema. Dada akatukumbusha maneno ya watu wenyewe, tukarudia majaribio, na wale wanaofurika siku ya mnada tukawaingiza kwa mkupuo, kama wanavyokuja. Kwa namba, mashine iliendelea kutushinda. Kwa yule wa kisima ilikaa, ikakaa, ikasema hakuna.

Mkuu hakubadili nia, mmoja anatosha. Ila sasa, kwa kuwa nilisema ukweli, aliniuliza mimi nani akae na mashine. Nikasema dada. Mpaka leo sijui kama nilisema kwa haki au kwa aibu.

Ijumaa, siku yangu ya mwisho kazini, nilimkabidhi ufunguo wa kabati. Aliupokea bila kunitazama vizuri, maana mama mmoja dirishani alishaanza kumtajia jina la babu yake.