Masale ya Njia ya Maporomoko

Desemba iliyopita nilipanda Marangu kwa sikukuu, kama tunavyofanya karibu wote tuliotoka huko, na pale kwetu, njia ya maporomoko inapoacha barabara, nikakuta kibao kipya. Kimeandikwa kwa rangi ya manjano: VIVUTIO MWAKA MZIMA. Chini yake yametajwa maporomoko, mapango ya wazee, shamba la kahawa, pombe ya mbege na ngoma. Nilikisoma mara mbili. Sina ugomvi na maneno yake. Ni kweli kwamba kwetu wageni hawakuwa na msimu mmoja. Utoto wangu wote ulipita kando ya njia yao. Ugomvi wangu ni na mahali kibao kilipochimbiwa.

Nikueleze kwanza mwaka ulivyokwenda. Januari na Februari mlima ulikuwa wazi tangu alfajiri, na wapandaji walipita na wapagazi wao, mizigo kichwani, nasi watoto tukiwasindikiza mpaka miguu ichoke. Kuanzia Machi masika yaliwapunguza wapandaji, lakini hapo ndipo maporomoko yalipojaa. Ukiwa jikoni kwa bibi unakoroga mtori wa ndizi, uliyasikia bondeni, chini ya sauti ya mvua. Julai kahawa ilikuwa imeanza kuiva. Wageni waliofuata mlima walisimama uani kumtazama bibi akizungusha mashine ya kumenyea, maganda mekundu yakitoka huku, punje zenye utelezi kule, na ile harufu tamu ya kuchacha ikitukaa nguoni kwa wiki nzima. Bibi alishangaa. "Mtu anapanda ndege kuja kunitazama nikifanya kazi," alisema. Hata hivyo hakuna aliyeondoka bila ndizi mbivu mkononi. Desemba wageni walikuwa ndugu zetu wenyewe kutoka Dar na Arusha, na kila ua ulinukia nyama ya mbuzi.

Ilikuwa miaka ile maduka ya Moshi mjini yalipoanza kujaa tena sabuni na sukari, huku kahawa ikianza kuwakatisha wazee tamaa. Wageni wakaongezeka. Wengi walitaka kuyaona maporomoko, na njia ya kushukia haikuwa kwetu. Upande wetu ulikuwa na mteremko mkali, hivyo njia ilipita ndani ya kihamba, yaani shamba la urithi, cha jirani, mama mmoja mjane, hatua kumi na mbili kutoka mpakani. Yeye aliwaachia watu wapite. Aliomba tu wasimkanyagie maharage yake na kahawa yake changa.

Nilipokuwa na miaka kumi, jirani alikwenda Mwika kumhudumia binti yake aliyejifungua. Aliniambia, "Niangalizie maharage, mjukuu." Nililichukua neno hilo kwa uzito wote. Lakini masika yalikuwa makali, njia ikageuka tope, na wageni, wakitafuta pa kukanyaga, wakahamia kwenye maharage.

Kwetu mpaka wa kihamba hauwekwi kwa waya. Unawekwa kwa masale, mmea wa majani marefu ambao hata mtoto anajua hauchezewi. Mimi nilidhani kila mtu duniani anajua kuwa isale halivukwi. Ningeweza kukata matawi na kuyachomeka, maana yanashika upesi, lakini nilitaka makubwa, yaonekane kwa mbali. Kwa siku tatu, udongo ukiwa laini, niling'oa masale tisa ya mpakani pamoja na mizizi yake, nikayapanda kwenye ukingo wa mbali wa ile njia, kati ya njia na maharage. Wageni hawakuvuka tena. Labda ni kwa sababu mvua ilipungua, lakini wakati ule nilijisifu.

Jirani aliporudi aliyatazama masale, kisha akaja kwetu.

"Nimekwenda kumpikia mzazi mtori, narudi nakuta shamba langu lina barabara," alimwambia bibi. "Nikienda tena mtaniwekea na kituo cha basi."

Bibi aliona haya kabisa. Jirani alikuwa anacheka.

"Mwache, maharage yangu yamepona. Kahawa ikiisha kuchumwa utayarudisha yalikokuwa. Umesikia, waziri wa barabara?"

Nilisema nimesikia. Tangu siku hiyo aliniita Waziri, hata mbele ya watu wakitoka kanisani. Kahawa ikachumwa, ikaisha. Nikasema nitayarudisha baada ya Krismasi. Mwaka uliofuata bibi aliugua na kufariki, nami sikuyarudisha. Yalikuwa yameshika vizuri, yanapendeza, na jirani hakunikumbusha.

Miaka sita baadaye baba mdogo, ambaye sasa ndiye aliyekuwa akinilea, alirudi kutoka mjini na mpango wa kujenga mahali pa wageni kupumzika. Alisafisha ardhi mpaka kwenye masale. Kahawa ya jirani iliyokuwa kati ya mpaka wa zamani na ile njia aliing'oa. Jumapili moja baada ya misa wazee wakakaa uani kwetu kusikiliza shauri.

"Mpaka wangu uko huku, kabla ya njia," alisema jirani. "Masale yale yalihamishwa na mtoto wenu. Huyo hapo, muulizeni."

"Mama, masale hayana miguu," alisema mzee mmoja, na watu wakacheka.

"Ndiyo maana nasema yalibebwa."

Mzee aliyeongoza kikao akanigeukia. "Haya binti, ni kweli?"

Baba mdogo hakuwa amenifundisha la kusema. Hakunitazama hata. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu kwa miaka mingi nilijiambia kuwa nilitishwa. Nilijua tu kwamba mwezi uliofuata yeye ndiye angenipeleka sekondari.

"Sikumbuki," nilisema.

Jirani alinitazama. "Waziri," aliita taratibu, "hata barabara yako?"

"Sikumbuki, bibi."

Wazee wakaamua kufuata masale yalipo. Jirani aliishi miaka mingine tisa. Kila nilipomwamkia shikamoo alijibu marahaba, akaniuliza habari za masomo. Waziri hakuniita tena.

Desemba hiyohiyo ya kibao nilikwenda Mwika kwa binti yake nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akimenya ndizi, hakusimamisha kisu. "Mama alijua unakumbuka," alisema. "Alisema ulikuwa unatazama vidole vyako vya miguu. Sasa unaniambia mimi ili iweje? Wale wazee wamekufa wote. Kamwambie baba yako mdogo."

Nilimwambia. Amezeeka, anasikia kwa shida, lakini hili alilisikia. "Una alama gani ya kunionyesha?" aliuliza.

Nilishuka kutafuta. Mfereji uliopita juu ya kihamba umekauka na kufukiwa. Mparachichi uliokuwa mpakani umekatwa. Kahawa haipo, ya kwetu wala ya jirani. Palipokuwa na kahawa yake pamesakafiwa, magari ya wageni yanageuzia hapo, na kibao kimesimama hapohapo, upande wa barabara. Hata njia ya zamani sasa ni ngazi za saruji. Aliyebaki kujua ni mimi peke yangu.

Kwa hiyo naandika. Mpaka ulianzia mfereji ulipopinda, ukateremka kushoto kwa mparachichi, ukafika ukingo wa bonde hatua kumi na mbili za mtoto kabla ya njia. Masale yalikuwa tisa. Niliyang'oa mimi, nikaambiwa niyarudishe, sikuyarudisha, na nilipoulizwa nilikuwa nakumbuka. Nakala moja ya karatasi hii nimempelekea binti wa jirani, nyingine iko kwa baba mdogo.