Mimba Yangu ya Samli

Nichekeni tu, nimestahili. Binti yangu amejifungua mjini Garissa, mtoto mzuri kuliko wote, nikataka mzazi apate samli. Lakini kwenye kizuizi cha barabara, ukikutwa na samli unafungwa: wanasema unawalisha shifta, wale waasi wa porini. Basi alfajiri, baridi ikiwa imeigandisha ngumu, niliifunga kwa kitambaa nikaivaa tumboni. Mimi, bibi mwenye mvi, mja mzito!

Foleni ikawa ndefu, jua likawaka, mimba ikaanza kuyeyuka hadi miguuni.

“Askari, wallahi, chupa imepasuka!” nikalia.

Akainama, akanusa, akaangua kicheko mpaka bunduki ikamtoka begani.

“Nyanya, hii ni chupa ya samli! Haya pita, ukajifungulie mbele huko.”