Niliungoja Msiba wa Mtabiri

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote za utoto wangu pale Kihonda si adhana wala jogoo, ni kikohozi. Bwana Shomari alikuwa na spika ya bati aliyoifunga juu ya pikapu yake, na kabla ya kutangaza chochote alikohoa kwanza ndani ya kipaza sauti, kikohozi kikavu cha mtu anayejua kwamba anasubiriwa. Kutangaza ndiyo ilikuwa kazi yake: misiba, chanjo za watoto, mikutano ya mtaa, mbuzi waliopotea. Lakini masika yalipokatika, majani ya uwanja yakiwa bado mabichi na milima ya Uluguru imejivua mawingu, alitangaza kitu ambacho hakuna aliyemtuma. Alitabiri ligi ya vyuo. Aliegesha pikapu pembeni ya uwanja kabla mpira haujapigwa hata teke moja, akataja chuo kitakachochukua ubingwa, kisha kitakachofuata, akateremka hivyo hivyo mpaka kile cha mkiani, kitakachoshuka daraja. Watu waliacha biashara zao wakaenda kumsikiliza. Mpaka leo nikisikia harufu ya mahindi ya kuchoma iliyochanganyika na moshi wa gari bovu, mkono wangu unajikunja ngumi wenyewe.

Nitasema kweli ingawa simpendi: alikuwa anajua kusema. Hakusoma majina tu kama karani. Aliwachambua Ualimu, kwamba wanapiga pasi nyingi za kuombana radhi. Uuguzi, kwamba wanakaba taratibu kama wanaogopa kumwamsha mgonjwa. Mifugo, kwamba wana mbio lakini hawana pa kwenda. Watu walishikana mabega kwa kucheka, na kesho yake maneno yake yalikuwa sokoni, dukani na msikitini wakati wa kuvua viatu. Kwetu sisi alikuwa na cheo kingine zaidi. Alikuwa mtani wetu, mtani wa ukoo wa mama, na kwa Mluguru ukoo wa mama ndio ukoo. Kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kuingia kwetu bila hodi, kufunua chungu, kumwita mama yangu mchawi mbele ya wageni na kuondoka na kuku. Mama naye alicheka, akamwombea afe mapema, wakaagana vizuri.

Msimu ninaousema nilikuwa darasa la tano. Kaka yangu Hamisi, aliyekuwa na mikono mirefu kuliko nguo zake zote, alikuwa anasomea useremala katika chuo kidogo njia ya kwenda Mlali, ambacho uwanjani kiliitwa Ufundi tu. Mwaka ule alikabidhiwa goli. Nyumbani kwetu jambo hilo halikuwa mchezo. Kulikuwa na kiwanda hapo Kihonda chenye timu yake, na kipa wao alikuwa amezeeka. Viongozi wao walikuwa wameshasema kwamba watapita kwenye ligi ya vyuo kutafuta kipa, na atakayechukuliwa atapewa na kazi ya kudumu kiwandani. Baba alikuwa ametangulia mbele ya haki, shamba letu la mboga lilikuwa dogo, na Mama alilitaja jina la kile kiwanda baada ya kila sala. Hamisi alifanya mazoezi alfajiri nyuma ya nyumba, na mimi ndiye niliyempigia mpira. Nilipiga kwa nguvu zangu zote, vidole vikavimba. Hakuna mpira uliompita kwa uzembe.

Siku ya utabiri tulikwenda wote, Mama akiwa amevaa kanga mpya. Shomari alikohoa, akaanza na bingwa, akateremka. Ufundi hakuwataja juu, hakuwataja katikati. Akafuta jasho, akasema, "Wa mwisho ni Ufundi. Hawa siwatabirii, hawa nawaona kabisa. Golini wamemweka mtoto wa mtani wangu. Mmeiona mikono yake? Ile si mikono ya kudaka mpira. Ile ni kipepeo cha kupepelea mkaa. Mpira ukija, yeye ataupepea tu, upoe, uingie." Akatoa mkono dirishani akaupeperusha. Uwanja mzima uliangua kicheko. Nikamtazama Mama, nikitegemea atamrukia, nikakuta naye anacheka, machozi yanamtoka. Hamisi alitabasamu huku akiificha mikono mifukoni. Jioni hiyo hiyo watoto wa jirani walikuwa wameshaacha kumwita jina lake. Alikuwa Kipepeo.

Usiku nilimuuliza Mama kwa nini hakumjibu. Akaniambia mtani hakasirikiwi, na anayekasirika ndiye anayepata aibu. Nikamwambia haya hayakuwa matani, alimaanisha. Mama akatikisa kichwa. "Hata kama alimaanisha, mwanangu, kayasema kwa mdomo wa utani. Wacha. Na sisi tuna zamu yetu. Akifa yeye, nani atakwenda kumcheza pale msibani? Si sisi?" Alisema kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Mimi sikulala. Niliwahi kuwaona watani kazini msibani, wakivaa nguo za marehemu, wakitembea kama yeye na kuyasema mabaya yake yote kwa sauti kubwa, na wafiwa hawana la kufanya ila kucheka. Nikaamua kwamba msiba wa Shomari utakuwa wangu. Nilikuwa mdogo, yeye alikuwa mtu mzima, muda ulikuwa upande wangu.

Ligi ilianza, na Hamisi alidaka. Walianza na Mifugo, akadaka hata penalti yao. Watu wakasema bahati. Wakatoka sare na Uuguzi, wakasema Uuguzi walikuwa wamechoka. Kila mechi nyuma ya goli lake palijaa vijana wenye vipande vya maboksi, wakipepea kwa pamoja kila mpira ulipokaribia, wakiimba lile jina. Na Shomari alipita na pikapu yake kuwakumbusha kwamba utabiri bado uko palepale. Walipocheza na Ualimu, mpira mmoja wa juu, ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimempigia mara nyingi nyuma ya nyumba, ulimponyoka. Nilikuwa nimesimama karibu na mlingoti. Niliona kwamba kabla ya kuruka aliitazama mikono yake kwanza. Maboksi yakapepea mpaka vumbi likapanda.

Kocha wao alikuwa mtu mwoga, nafikiri aliogopa kuchekwa kuliko kufungwa. Mechi iliyofuata Hamisi alikaa benchi, na golini akasimama kijana mwingine ambaye alikuwa mzuri sana wa kuchora ramani za nyumba. Mabao yakaingia. Yakaingia mechi ile na zilizofuata, na Ufundi walimaliza wa mwisho, wakashuka daraja. Siku hiyo Shomari alizunguka Kihonda nzima na spika yake. "Nilisema au sikusema?" Watu wakajibu kutoka vibarazani kwamba alisema. Hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba timu ilianguka kwa sababu kipa wake alitolewa, na kipa alitolewa kwa sababu ya mdomo wake yeye mtabiri. Alitabiri nyumba itaungua, kisha akaleta kiberiti, na watu wakamsifu kwa kujua mambo ya moto.

Viongozi wa kiwanda walikuja kweli, walimkuta Hamisi kwenye benchi, wakamchukua kipa wa Uuguzi. Hamisi aliutoboa ule mpira wetu wa alfajiri kwa patasi, akaugeuza kuwa bakuli la kuku. Mama aliendelea kusali lakini kiwanda hakukitaja tena. Siku chache baadaye Shomari akaja kwetu bila hodi kama kawaida yake, akaagiza kahawa. Nikampelekea mimi. Nilimwamkia shikamoo kwa adabu zote, nikamkabidhi kikombe nilichokitia pilipili kichaa za kutosha kuua panya. Akanywa, akatokwa na machozi, akakohoa mpaka akashika ukuta. Kisha akaanza kucheka. Alicheka akanivuta, akanishika kichwa, akamwambia Mama, "Huyu ndiye mtani wangu hasa. Wengine wote wamepoa." Akanipa peremende. Niliitupa chooni.

Nimekua, nimekwenda Dar es Salaam, nimefanya kazi, nimeolewa, nimerudi. Chuki yangu nilikwenda nayo na nikarudi nayo, haikupungua kilo. Kila nilipopiga simu nyumbani nilimuulizia Shomari afya yake, na Mama alidhani nina moyo mzuri. Nilipoambiwa ana presha, nilikula vizuri siku hiyo. Nilipoambiwa amepona, nilikasirikia hospitali. Watu husema kulipiza kisasi kunamchosha mwenye kisasi. Mimi hakikunichosha, kilikuwa kinanichangamsha.

Mwaka jana akafa. Mama miguu haimwezi tena, akaniambia tu, "Nenda kafanye kazi yako." Nilipofika watani wenzangu walikuwa wameshaanza, mmoja amejilaza kwenye kitanda cha barazani anakoroma kama marehemu, mwingine amelikalia sufuria la wali anasema halipakuliwi mpaka maiti iombe radhi. Niliingia ndani nikachukua koti lake la kijivu na kofia yake, nikavaa. Kipaza sauti kilikuwa kimetundikwa msumarini. Nikatoka nacho hadi mlangoni, mahali ambapo jeneza lingepita, nikasimama na kuuziba mlango. Imamu aliitazama saa yake. Nikakohoa.

Mtu mmoja akacheka, kisha wote, maana kikohozi kilikuwa chenyewe. Nikawaambia, "Ndugu wasikilizaji, huu ni utabiri wa msimu ujao, huko anakohamia Shomari. Wa kwanza ni waliofunga midomo yao walipokuwa hapa. Wa pili ni waliosema uongo wakaomba radhi. Nateremka, jamani, nateremka, simwoni. Aa, huyu hapa, mkiani. Anashuka daraja leo baada ya adhuhuri, na huko chini hakuna msimu wa kupanda. Msidhani namtania. Simtanii. Alimnyima kijana wa watu kazi kwa mdomo wake, na hakuwahi kumwambia pole." Niliposema simtanii ndipo walipocheka kupita kiasi. Wanawake waligaagaa uani. Machozi yalinitoka kwa hasira ya miaka yote ile, na mama mmoja aliyekuwa karibu yangu akanipangusa uso kwa upindo wa kanga, akadhani ni uchungu wa kufiwa.

Ilikuwa tamu, nisidanganye. Ningeweza kusimama pale mpaka magharibi. Lakini nilipoondoka mlangoni mjane, Bi Zaina, aliniita chumbani alikokaa, akanishika mikono yote miwili. "Ahsante, mtani wangu. Alikuwa akiniambia, asipokuwepo yule mtoto wa pilipili siku ya kufa kwangu, basi nitakuwa nimezikwa kama mbwa. Umemzika." Nilikuwa nimempelekea pigo la maisha yangu, akalipokea kama zawadi, tena akiwa amekufa. Na kaburini, nasikia, wakati watu wanatazamana nani ashuke kuupokea mwili, aliyevua viatu akashuka ni Hamisi. Aliupokea, akaulaza ubavu wa kulia, taratibu, bila kuudondosha. Nilipomuuliza kwa nini, akanishangaa. "Dada, yule si mtani? Wewe bado una yale mambo ya mpira?" Sikuongea naye mpaka hitima ilipokwisha.

Nikipima mambo ya sasa na ya wakati ule, naona kimoja ambacho sikutegemea kukikosa. Binti wa Hamisi yuko chuoni sasa, anacheza winga katika timu ya wasichana, na ligi ya vyuo inaanza karibuni. Hakuna pikapu wala spika. Utabiri umekuja kwenye simu, kwenye kundi la watu ambao sijui wameingizwa na nani, na mtu mwenye picha ya ua jekundu ameandika kwamba timu ya binti yetu itashika mkia, kwa sababu winga wao anakimbia kama amebeba ndoo ya maji. Chini yake watu wameweka nyuso za kucheka, safu kwa safu. Binti amenionyesha akijifanya hajali. Niliitambua ile sura.

Nimemwandikia huyo mwenye ua. Sikumtukana. Nimemwamkia vizuri, nimemuuliza jina lake, ukoo wa mama yake, na nyumbani kwao hasa ni wapi, Mkuyuni, Matombo au hapa hapa mjini. Hajajibu. Nimewauliza wengine katika kundi, hakuna anayemfahamu, na wengine wananicheka, wanasema bibi huyu anatafuta posa. Wacha wacheke. Sitaki ugomvi naye wala sitaki aombe radhi. Nataka nijue kwao tu, ili siku ikifika nisiukose msiba.