Mita nane za waya, na chumba hakuna

Saa mbili asubuhi, kwenye uwanja wa stesheni ya reli ya Kolwezi, Tharcisse Kanku anasogeza kipande cha waya mwekundu karibu na sumaku aliyoing'oa katika spika mbovu. Waya unanasa.

"Chuma," anasema, akimrudishia mteja. "Hii ni waya ya baruti. Haikutengenezwa kwa muziki."

Waya huo uko katika karibu kila nyumba mjini. Wachimbaji hurudi nao baada ya milipuko ya mgodini. Watu hufungia uzio, watoto hutengenezea vigari, na wenye redio huunganishia spika, ambazo hapa huitwa bafle. Ni wa bure. Kisha hushangaa muziki ukilia kama kuku ndani ya gunia.

Kanku, mwenye miaka 43, amejifundisha mwenyewe kazi ya vyombo vya muziki. Mchana alikuwa msaidizi wa fundi umeme mgodini; jioni alifungua redio za majirani katika mtaa wa Dilala. Mgodi ulipodorora, alikaa miezi saba bila mshahara. Kisha, mapema mwaka huu wa 1993, vijana wakapita nyumba kwa nyumba wakiwatoa wote ambao wazazi wao walitoka mkoa wa Kasai.

Hii ni wiki ya kumi na moja tangu yeye, mkewe Ndaya na watoto wanne waanze kulala chini ya turubai hapa stesheni, wakingoja nafasi katika treni ya kwenda Mwene-Ditu, huko Kasai.

"Mi nilizaliwaka hapa," anasema. "Ku Kasai sijafika hata siku moja. Banasema nirudie kwetu. Mutu anarudia mahali hajatoka?"

Hutengeneza redio za wasafiri wenzake na kulipwa kwa vikombe vya unga. Siku njema hupata vitatu.

Kwa asiye na pesa, ushauri wake ni uleule. Pima chumba kwanza. Sogeza ampli, yaani kikuza sauti, katikati ya bafle, waya utakaohitaji utapungua. Kisha zunguka sokoni utafute pasi za umeme zilizoungua: kamba ya pasi ni nene, ina nyuzi nyingi, na ni shaba. Ijaribu kwa sumaku, shaba hainasi. Kata vipande viwili vilivyo sawa.

Mteja wa leo, mwenye ule waya mwekundu, si mgeni. Anaitwa Omer. Alikuwa jirani yao. Sasa anakaa katika nyumba yao.

"Tata Kanku, bafle zinakataa kuimba."

"Bafle za nani?"

Omer anatazama baiskeli yake. "Zile za kule nyumbani."

Ndaya anasugua sufuria bila kuinua kichwa. "Mumuulize na kitanda yangu, kama inamulaza muzuri."

Waliokaa karibu wanacheka.

"Mama, si mi njo niliwafukuza. Nilikuta nyumba iko tupu."

"Tupu, na bukari ya mahindi ingali moto mezani?"

Omer ameona kitu chini ya turubai: mita nane za waya mnene wa shaba, zimeviringwa ndani ya kitenge. Kanku aliununua nusu mita kwa nusu mita, kila alipolipwa. Siku waliyotolewa, mkono mmoja ulimbeba mtoto mdogo, na wa pili ukachukua waya.

"Niuzie ile," Omer anasema. "Nakuletea nusu gunia ya unga leo leo."

Kanku anawatazama watoto wake, halafu anamtazama mkewe. Ndaya anaweka sufuria chini.

"Hapana. Unga utaisha. Ile njo kitu ya mwisho ya nyumba yangu, na ye hataipata."

Kanku anaitikia kwa kichwa. Kisha, kwa sauti ileile ya chini, anamweleza Omer habari ya pasi zilizoungua. Anamwambia pia kwamba nyuma ya kila bafle alifunga uzi mweusi kwenye mguu mmoja wa kuungia waya. Asiuchanganye na ule wa pili, la sivyo sauti nene itapotea.

Omer anapanda baiskeli bila kuaga.

Kwa nini hakumdanganya?

"Angeziharibu. Na zile bafle mi njo nilizitengeneza."

Anapanga kuchonga masanduku mapya Mwene-Ditu, akipata mbao. Waya anao. Anaukunjua, anaupima kwa mikono, anaukunja tena. Bado haujakatwa.

"Nilihesabu kwa chumba cha Dilala: mita nne huku, nne huku," anasema. "Kule tunaenda, sijui. Nitakata siku nitakuwa na chumba."